Fildi ya makumbusho: bila nauli, nani atatunza stoo?

Ukitaja makumbusho, wengi wanawaza vitu vilivyo nyuma ya vioo. Kumbe sehemu kubwa iko stoo: ndege waliokaushwa, wadudu kwenye visanduku, mimea iliyobandikwa kwenye karatasi.

Adui wa stoo ni mdogo sana. Mabuu ya wadudu hutafuna ngozi na manyoya kimyakimya. Anayeijua kazi huweka sampuli kwenye friza ili wafe. Pia huvaa glavu, maana sampuli nyingi za zamani zilipakwa aseniki, sumu kali. Hayo huyajui kwa kusoma tu, lazima uelekezwe ukiwa kazini.

Ndiyo maana nafasi za fildi ni muhimu. Shida ni kwamba nyingi hazilipwi. Anayeingia ni yule mwenye uwezo wa nauli na chodi ya mjini. Mwenye kipaji kutoka mbali anaishia kuomba tu.

Septemba 2, 2018, moto uliteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazil, Rio de Janeiro, yenye vitu kama milioni 20. Dunia nzima iliona. Stoo ikiliwa na wadudu, nani ataona? Nauli ya mwanafunzi ni bei nafuu kuliko hasara hiyo.