Jina la nani ukutani?

Jumamosi nimeshinda nikitazama picha za Pantheon, lile hekalu la kale la Kirumi lililoko katikati ya jiji la Roma. Sijafika huko. Lakini kuna jambo pale mlangoni limenichoma kama mwandishi wa habari.

Juu ya nguzo za mbele kumeandikwa Kilatini, kwa herufi kubwa, kwamba aliyejenga ni Marcus Agrippa. Si kweli! Hekalu la Agrippa liliungua mwaka 80. Likajengwa jingine, nalo likaungua mwaka 110. Hili tunaloliona lilikamilika miaka ya 120, zama za Kaisari Hadrian, ambaye alirudisha jina la Agrippa na la kwake akaliacha. Watu waliamini maandishi yale kwa muda mrefu, mpaka mwishoni mwa karne ya 19, mihuri iliyogongwa kwenye matofali ilipotoa siri.

Na jengo lenyewe, jamani! Kuba lake lina upana wa mita 43 na ushee, na kutoka sakafuni hadi juu kabisa ni mita hizo hizo. Ni zege bila nondo hata moja, na hadi leo hakuna kuba la aina hiyo linalolizidi ukubwa. Mafundi walitia mawe mazito chini na mawe mepesi ya volkano juu, kisha kileleni wakaacha tundu wazi. Mwanga unaingia, mvua nayo inaingia. Nguzo 16 za ukumbi wa mbele ni graniti iliyosafirishwa kutoka Misri.

Sanamu je? Ile pembetatu juu ya nguzo imebaki tupu. Yapo matundu tu, mahali palipofungwa mapambo ya shaba nyeusi. Shaba ya dari ya ukumbi nayo iling'olewa karne ya 17 kwa amri ya Papa Urban VIII, nyingi ikayeyushwa kutengeneza mizinga.

Wengi humsifu Hadrian kwa unyenyekevu. Mimi namsifu nusu. Agrippa mkubwa, Hadrian mkubwa. Jina limezunguka kwa wakubwa wenyewe kwa wenyewe. Aliyepiga hesabu ya zege lile hatumjui kwa uhakika.

Lakini namcheka nani? Nimeripoti uzinduzi wa madarasa na madaraja mara nyingi, na kila mara nimeandika nani kakata utepe. Fundi sijawahi hata kumuuliza jina. Safari ijayo nitaanza naye. Mhariri akimkata, atakuwa amemkata yeye, si mimi.