Kalipa Mpya, Maradhi Yale Yale

Sifa njema zote zinamstahikia Allah Mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, gari la familia au la msikiti hubeba roho za watu. Pikapu ya msikiti wetu hubeba jeneza kwenda makaburini, na siku nyingine hubeba chakula cha wanafunzi wa madrasa na saruji ya ujenzi. Katika mwaka mmoja, gurudumu lake la mbele kushoto lilibadilishwa kalipa ya breki mara mbili. Ilipoletwa hesabu ya kalipa ya tatu, kamati ilisitisha malipo na kuuliza: ni kitu gani kinachoziua kalipa hizi? Tunaeleza hapa namna jibu linavyotafutwa, kwani familia nyingi hulipia spea ile ile kila baada ya miezi michache.

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Dereva anapokanyaga breki, masta silinda husukuma mafuta ya breki kupitia bomba la chuma, kisha mpira wa breki, hadi ndani ya kalipa. Humo mafuta huisukuma pistoni, nayo huzibana pedi kwenye diski inayozunguka pamoja na tairi. Dereva anapoachia, mafuta hurudi nyuma na pedi hulegea. Pakiwa na kizuizi popote katika njia hiyo, pedi hubaki zimeikamata diski na gari hutembea likiwa limefunga breki.

Dalili zake ni hizi: gari huvuta upande mmoja, rimu moja huwa ya moto kuliko mwenzake, hutoka harufu ya kuungua, na pedi za upande huo huisha mapema. Joto likizidi, mafuta ya breki huchemka na kutoa mvuke. Pedali huzama, na gari halisimami. Ndiyo maana jambo hili halifai kuahirishwa hadi mwisho wa mwezi.

Uchunguzi ufanywe na fundi, na mwenye gari awepo. Gari lisimame mahali tambarare, tairi za nyuma ziwekewe kabari, na upande wa mbele uinuliwe kwa jeki kisha ukalishwe juu ya stendi. Pedali ikanyagwe mara kadhaa na kuachiwa, kisha tairi izungushwe kwa mkono. Ikigoma, fundi alegeze kidogo nati ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa.

Mafuta yakiruka na tairi ikawa huru, kalipa haina kosa: yapo mafuta yaliyonaswa ndani yake. Tairi ikaendelea kugoma, kasoro ni ya kalipa yenyewe au pedi zake. Huenda pistoni imeshika kutu, au pedi zimekwama katika makazi yake. Katika kalipa zinazoteleza juu ya pini mbili, huenda pini zimekauka, na hapo mara nyingi pedi ya ndani huisha kabla ya ile ya nje. Pini hizo hupakwa grisi maalumu ya breki, kwani grisi ya kawaida huvimbisha mipira yake.

Ikiwa mafuta ndiyo yaliyonaswa, jaribio lirudiwe, lakini safari hii ilegezwe nati ya bomba la chuma kabla ya mpira wa breki. Tairi ikiachia, kasoro iko nyuma zaidi, aghalabu kwenye masta silinda, na mara nyingi tairi ya upande wa pili nayo huwa nzito. Tairi isipoachia, mpira ndio mshitakiwa. Mpira wa breki huweza kuonekana mzima kwa nje huku tundu lake la ndani limevimba. Nguvu ya mguu hupitisha mafuta kwenda mbele, lakini hayana nguvu ya kutosha kurudi. Njia mojawapo ya kuuharibu ni kuiacha kalipa ining'inie juu yake wakati wa kubadilisha pedi.

Kwa pikapu yetu, kasoro ilikuwa hapo. Mipira yote miwili ya mbele ilibadilishwa, kwa gharama ndogo kuliko ya kalipa moja, na mafuta yakawekwa mapya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa: yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Kamwe yasichanganywe na oili ya injini, kwani huharibu mipira yote ya mfumo.

Wanafunzi wa fiqhi hufundishwa kuitafuta illa, yaani sababu iliyobeba hukumu, kabla ya kuipeleka hukumu hiyo kwenye jambo jingine. Gereji nayo inahitaji adabu hiyo. Fedha ya msikiti ni amana, na fedha ya matumizi ya nyumbani ni haki ya mke na watoto. Kabla ya kulipia spea iliyokwisha kubadilishwa, mwombe fundi kwa upole akuonyeshe ile ya zamani na akueleze kipimo kilichoihukumu. Fundi mwaminifu hatachukia, na anayestahiki ujira wa kuchunguza alipwe ujira huo hata kama hakuuza kitu.

Wabillahi tawfiiq.