Bando ni Yako, Lakini Nani Anaila?

Wasee, unanunua bando ya kushusha vitu vyako. Nani alikuambia unalipia pia kusambaza mizigo ya kampuni?

Iko hivi. Kuna programu zinafanya kazi kompyuta kwa kompyuta: badala ya kila mtu kuchukua faili kwa seva ya kampuni, mimi nachukua kipande kwako, wewe kwangu. Teknolojia yenyewe iko poa. Mtu wa torenti anajua anachofanya. Shida yangu ni wale hawaulizi.

Windows 10 ilipotoka 2015, ilikuja tayari imeruhusiwa kutuma vipande vya masasisho kutoka kompyuta yako hadi kwa watu usiowajua. Microsoft inapunguza kazi ya seva zake, wewe unachoma data. Mwaka huohuo ikajulikana kwamba Hola, VPN ya bure, ilikuwa inauza intaneti ya watumiaji wake kupitia Luminati. Yaani mtu huko nje anapita mtandaoni na anwani yako ya IP. Akifanya ujinga, mlango utakaobishwa ni wako.

"Lakini si iliandikwa kwa masharti?" Ukurasa wa ngapi? Idhini iliyofichwa si idhini.

"Ni MB chache tu." Mwambie hivyo mtu wa bando ya saa moja. Ukiunganisha laptopu na hotspot ya simu bila kuiweka "metered", inaweza kuiona kama Wi-Fi ya kawaida na kujihudumia.

Na msidhani wanaotuuzia intaneti ni malaika. Tangazo linasema "unlimited", herufi ndogo zinasema kuna kiwango. Ukikipita, spidi inakatwa, na hakuna anayejali kama ni wewe ulitazama muvi ama ni programu iligawa data ukiwa umelala. Kule Marekani, Comcast ilinaswa 2007 ikivuruga BitTorrent ya wateja kimyakimya. Mdhibiti, FCC, akaikemea 2008. Mahakama ikafuta uamuzi huo 2010. Ukingoja kuokolewa, utangoja sana.

Madai yangu ni mawili. Programu iulize kwanza, na ikae imezimwa hadi niiwashe mwenyewe. Mwenye intaneti aandike kiwango kando ya bei, kwa herufi zilezile kubwa.

Leo usilale kabla ya hii: Settings, Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization. Zima. Kisha mtumie hii yule beshte yako wa VPN ya bure.