Kumalizana Kabla Jeraha Halijajulikana

SHERIA NA MITAA
Na Zuhura Mbwana

Fidia ya majeraha, yaani fedha anazostahili kulipwa mtu aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine, ni haki ambayo watu wa Kariakoo huipoteza pale pale kando ya barabara, muda mrefu kabla shauri halijafika mbele ya hakimu. Gari linapomgonga msukuma mkokoteni Mtaa wa Msimbazi, au bodaboda inapomwangusha kuli aliyebeba majora ya vitambaa Mtaa wa Uhuru, watu hukusanyika, wapatanishi hujitokeza, kiasi fulani cha fedha hutajwa na kurushwa kwa simu, na majeruhi hukipokea akiwa bado hajapigwa picha ya mfupa. Wenye haraka husema yameisha. Kwa mtu ambaye mtaji wake wote ni mgongo na miguu yake, makubaliano ya namna hiyo ni hatari kubwa, kwa sababu yanaweka bei juu ya jambo ambalo ukubwa wake bado haujajulikana.

Chanzo kimojawapo cha haraka hiyo ni imani kwamba polisi wakishamfikisha dereva mahakamani, malipo ya majeruhi yatafuata yenyewe. Kesi inayofunguliwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 ni ya jinai, ambamo Jamhuri humshitaki dereva, na faini akitozwa huingia Serikalini. Ingawa mahakama inayomtia mtu hatiani ina uwezo wa kuamuru fidia, majeruhi anayetaka kufidiwa kikamilifu hana budi kufungua shauri la madai yeye mwenyewe. Hata hivyo kesi ile ya jinai ina manufaa makubwa kwake, kwani Sheria ya Ushahidi inaifanya hukumu ya jinai, baada ya muda wa rufaa kupita au rufaa kumalizika, kuwa ushahidi usiopingika kwamba aliyetiwa hatiani alikuwa na hatia. Anayekubali kumalizana na kuiacha kesi ife kituoni huwa ameutupa ushahidi ambao angeutegemea.

Katika shauri la madai mahakama hutofautisha mafungu mawili ya fidia. Fidia mahususi ni ya hasara inayohesabika, kama vile dawa, upasuaji, nauli za kwenda kliniki na kipato kilichokwisha kupotea, na Mahakama ya Rufani katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, lililochapishwa katika ripoti za sheria za 1992, ilisisitiza kwamba hasara hizo zitajwe waziwazi katika hati ya madai na zithibitishwe. Fidia ya jumla ni ya yale yasiyo na risiti, yakiwemo maumivu, kilema na kupungua kwa uwezo wa kufanya kazi, nayo huachiwa busara ya mahakama, ambayo hutazama taarifa ya daktari na maisha ya mdai. Hapa ndipo kuli wa Kariakoo huonekana hana kitu, kwa kuwa hana hati ya mshahara. Lakini anacho cha kuonyesha: daftari la dalali wa mizigo lenye jina lake kila siku, shahidi aliyekuwa akimpa kazi, na ujumbe wa malipo uliobaki katika simu yake, ambao Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inauruhusu kupokelewa mahakamani. Ujumbe huo usifutwe, na fomu ya polisi ya matibabu, PF3, itolewe nakala kabla haijaachwa hospitalini.

Upande wa mlipaji, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye chombo cha moto barabarani awe angalau na bima ndogo, ile inayowakinga watu wengine wanaoumizwa na chombo hicho. Kwa hiyo dereva anayelia kwamba hana fedha huenda anasema kweli kuhusu mfuko wake, ilhali kampuni iliyomkatia bima ndiyo inayotakiwa kulipa hukumu itakayotolewa dhidi yake, mradi masharti ya sheria, pamoja na lile la kuipa taarifa ya shauri, yametimizwa. Namba ya gari iandikwe mapema, kwani kwa namba hiyo bima huweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kampuni ikizungusha au ikipunja, yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake ilianzishwa na Sheria ya Bima ya 2009.

Hakuna ubaya wowote katika kupatana; upatanishi umekuwa hatua rasmi ya mashauri ya madai nchini tangu 1994, na kesi inayomalizwa kwa maelewano humwokolea mnyonge miaka ya kusubiri. Ubaya uko katika wakati na katika maandishi. Hati inayosema kwamba majeruhi amepokea malipo yote na hatadai tena ni mkataba, na ingawa Sheria ya Mikataba humruhusu aliyelaghaiwa au kushurutishwa kuupinga, mzigo wa kuthibitisha hayo humwangukia yeye, pengine akiwa juu ya magongo, baada ya mfupa wa paja kuunga vibaya na madaktari wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili kumweleza kwamba lazima uvunjwe upya. Sheria ya Ukomo inampa miaka 3 ya kufungua madai ya uzembe, muda unaotosha kungoja tiba ifike mahali ambapo daktari anaweza kusema kilema kitabaki kiasi gani. Fedha za matibabu ya haraka zinaweza kupokewa, ila stakabadhi ieleze kuwa ni sehemu tu ya malipo.

Si magari peke yake yanayoumiza. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na mwaka 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilikuwa limeua zaidi ya 30. Mwenye jengo anawajibika kwa uzembe kama dereva, na mfanyakazi wa duka aliyeumia kazini ana njia nyingine tena, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambako hatakiwi kuthibitisha uzembe wa mtu. Mmachinga aliyepanga bidhaa barazani, asiye na mwajiri, amebakiwa na mahakama tu, na hilo ni pengo ambalo Bunge linapaswa kuliziba.

Jambo moja halihitaji kungoja Bunge. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama, ilhali hati nyingi za kufunga madai bado huandikwa kwa Kiingereza na kusainiwa kwa dole gumba. TIRA ielekeze kwamba hati isiyoandikwa kwa Kiswahili, na isiyoambatana na taarifa ya mwisho ya daktari, isihesabiwe kuwa imemfunga majeruhi.