Mhadhiri, barua ya mwanafunzi wako iandike wewe

MIZANI YA WIKI
Na Rehema Mkwizu

Msimu umeanza. Kila mwaka ikifika Agosti, mawakili vijana na wahitimu wa sheria huanza kuulizana kwenye makundi yao ya WhatsApp: Chevening imeshafunguliwa? Harvard wanafunga lini? Nani ana mfano wa insha? Kuanzia sasa hadi Januari watajaza fomu, watalipia mtihani wa IELTS, watafuatilia transkripti chuoni na kuwaendea walimu wao wa zamani kuomba barua za mapendekezo. Hapo kwenye barua ndipo ninapotaka tuzungumze leo, kwa sababu ndipo wengi wanapoangukia, na wanaowaangusha ni sisi wakubwa wao.

Mambo huwa hivi. Kijana anakwenda kwa mhadhiri aliyemfundisha Sheria ya Mikataba mwaka wa kwanza na kumsimamia tasnifu mwaka wa nne. Anabisha hodi, anaamkia, anajieleza: anaomba nafasi ya shahada ya uzamili ya sheria nje ya nchi, na chuo kinataka barua mbili. Mhadhiri ana rundo la mitihani ya kusahihisha mezani. Anamjibu kwa upole kabisa: "Andika wewe mwenyewe, niletee nisaini." Kijana anashukuru sana, maana wengine hata hilo hawalipati. Usiku anakaa na kompyuta yake kujisifia kwa jina la mtu mwingine.

Vijana huniletea maombi yao niyapitie, kwa hiyo barua hizi nimezisoma nyingi. Zote zinasema mwombaji ni mtiifu, ana nidhamu, ni mchapakazi na anaelewana na wenzake. Zinasema amefahamika kwa miaka minne, zinamwombea afikiriwe, kisha muhuri. Ukimaliza kusoma hujui aliandika tasnifu juu ya nini, wala alitetea hoja gani darasani wenzake wakampinga. Nidhamu ni jambo jema, lakini kamati inayochagua watu wa kujadili sheria ya kimataifa ya uwekezaji kwa mwaka mzima haina namna ya kupima akili ya mtu kwa utiifu wake. Inachukua faili linalofuata, ambalo mwalimu wa Delhi au São Paulo ameandika kurasa mbili zenye mifano.

Halafu kuna hatari ambayo vijana hawaelezwi. Wanaosoma maombi husoma mamia kwa msimu, na wanaitambua barua iliyoandikwa na mkono uleule ulioandika insha. Maneno ni yale yale, makosa ya sarufi ni yale yale. Wakishuku, hawamwandikii mhadhiri kumlaumu. Wanaliweka faili pembeni. Anayebeba mzigo wa barua ya uongo ni kijana aliyeambiwa na mwalimu wake aiandike.

Nieleze kwa nini barua hii ina uzito kwetu kuliko kwa wenzetu wengi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa wastani wa alama kwa kipimo cha 5.0. Daraja la kwanza huanzia 4.4, na daraja la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3. Alama ya A huanzia 70. Mmarekani aliyezoea kipimo cha 4.0, ambako wanafunzi wazuri hujaa kwenye 3.7 na kuendelea, akiona 3.9 kati ya 5.0 anaweza kudhani huyu ni mwanafunzi wa wastani. Kumbe darasani kwake huenda alikuwa miongoni mwa kumi bora. Mwombaji hapaswi kujigeuzia alama mwenyewe, na vyuo vingi vinakataza. Mtu pekee anayeweza kulisema jambo hilo akaaminika ni mwalimu: kwamba katika kozi yangu A hupatikana kwa shida, kwamba kijana huyu alikuwa wa tatu katika darasa zima, kwamba katika miaka yangu ya kufundisha nimepata wachache wa kiwango chake. Sentensi tatu tu. Hakuna transkripti inayoweza kusema hayo.

Kuna binti mmoja wa Mwanza, wakili, anafanya kazi ya msaada wa kisheria kwenye migogoro ya ardhi. Alipoleta insha yake mara ya kwanza ilianza kwa kusema tangu utotoni alikuwa na ndoto ya kuwatetea wanyonge. Insha nyingi kutoka kwetu huanza hivyo, na msomaji wa London anakuwa ameshazisoma kadhaa kabla ya chai ya asubuhi. Nikamwuliza ni kitu gani kazini kinamkera kiasi cha kumkosesha usingizi. Akanieleza habari ya mabaraza ya kata bila kupumzika.

Zamani baraza la kata liliweza kuamua mgogoro wa ardhi ambayo thamani yake haizidi shilingi milioni tatu, na wakili hakuruhusiwa kusimama mbele yake. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria. Baraza likanyang'anywa mamlaka ya kuamua, likabaki na usuluhishi tu ndani ya siku 30. Ukishindikana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sababu zilikuwepo, kwa kuwa maamuzi mengi ya kata yalikuwa na kasoro. Lakini huyu binti anawaona wajane wanaopata karatasi ya kuonyesha usuluhishi umeshindikana, kisha hawana nauli ya kufika wilayani. Swali lake likawa hili: mageuzi yanayoongeza ubora wa maamuzi na kupunguza ukaribu wa haki yapimwe kwa kipimo gani? Nchi nyingine zilizopitia njia hiyo zilifanyaje? Hilo ni swali la shahada ya uzamili. Insha ikaanzia hapo, na utoto ukaachwa.

Kilichofuata ndicho nilichokipenda zaidi. Alipeleka insha hiyo kwa msimamizi wake wa zamani, pamoja na nakala ya tasnifu yake na orodha ya kesi alizosimamia. Mwalimu yule alimkalisha chini, wakazungumza, kisha akaandika mwenyewe. Alieleza jinsi mwanafunzi huyu alivyopinga darasani uamuzi mmoja wa Mahakama ya Rufani, jinsi alivyorudi wiki iliyofuata na hoja bora zaidi, na mahali ambapo bado alikuwa dhaifu. Ndiyo, alitaja udhaifu. Barua inayotaja udhaifu mmoja wa kweli huaminika katika sifa zake zote. Sisemi barua peke yake ndiyo iliyompa nafasi na ufadhili aliopata. Nasema kwamba kwa mara ya kwanza faili lake lilimwonyesha yeye.

Wahadhiri wana majibu yao, nami nayaheshimu. Madarasa yamefurika. Mhadhiri mmoja anaweza kuwa na wanafunzi mia kadhaa katika kozi moja, na msimu huu ombi la barua linaweza kumfikia kila siku. Barua haihesabiwi anapopandishwa cheo. Hili la mwisho ndilo linaloniuma, kwa sababu linarekebishika. Vyuo vyetu vikuu vinajivunia wahitimu walioko vyuo vikubwa vya nje, majina yao yanasomwa kwenye mahafali. Basi kazi ya kuwaandikia barua iwekwe kwenye hesabu ya majukumu ya mhadhiri kama usimamizi wa tasnifu ulivyowekwa. Na kila mhadhiri apewe barua pepe ya chuo inayofanya kazi, kwa maana siku hizi barua haiendi kwenye bahasha. Mfumo wa chuo cha nje humtumia mwalimu kiungo, naye hupakia barua moja kwa moja. Vyuo vingi hutaka anwani ya taasisi. Mwalimu akitumia anwani yake binafsi, au kiungo kikitumbukia kwenye barua taka hadi tarehe ikapita, maombi yanahesabika hayajakamilika na ada aliyolipa kijana imepotea.

Nanyi vijana nina neno nanyi. Mwalimu hawezi kuandika barua nzuri ukimjia siku tatu kabla ya mwisho huku hujui unakwenda kusoma nini. Mpe wiki sita. Mpe insha yako, hata kama ni rasimu, transkripti, na kazi yako bora uliyoandika kwenye kozi yake, maana amesahau. Usione aibu kumkumbusha. Mwambie unaomba wapi na kwa nini hapo. Na mchague anayekujua. Barua ya mhadhiri msaidizi aliyesoma kazi zako mstari kwa mstari inapita ya jaji au waziri aliyekuona mara mbili kwenye semina. Oxford, kwa shahada yake ya uzamili ya sheria iitwayo BCL, hutaka barua tatu, na inazitaka kwa walimu wanaoweza kupima akili yako ya kitaaluma.

Hiyo BCL, kwa anayeiwaza, ni ya waliosoma katika mfumo wa sheria tuliourithi kwa Waingereza, yaani Watanzania, Wakenya na Waganda. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo, waliosoma katika mfumo walioachiwa na Wabelgiji, mlango wao pale ni shahada ya MJur. Tofauti hii ina maana hata Marekani. Wengi huambiwa bila shahada ya uzamili ya huko hawawezi kufanya mtihani wa uwakili wa New York. Kanuni za jimbo hilo hazisemi hivyo kwa kila mtu: aliyesoma shahada ya kwanza inayolingana na ya kwao kwa urefu na kwa mfumo wa sheria anaweza kukubaliwa bila hiyo, ilhali aliyetoka mfumo mwingine hutakiwa kuziba pengo kwa masomo ya uzamili yenye krediti zisizopungua 24. Ada ya mwaka mmoja Harvard Law School inazidi dola 70,000, kabla hujala wala kulala. Kabla familia haijauza kiwanja, isomwe kanuni.

Pesa za ufadhili zipo, lakini zina masharti ya kujua mapema. Chevening ya serikali ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1983, inataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, inayohesabiwa kuwa saa 2,800. Haidai barua ya udahili siku ya kuomba, lakini unachagua kozi tatu, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa miaka miwili angalau. Mwenye mwenzi na watoto ajue kwamba tangu Januari 2024 wanafunzi wa shahada za uzamili za kufundishwa darasani wasio na ufadhili wa serikali hawaruhusiwi kuwachukua familia kwenda nao Uingereza. Hili limevunja mioyo ya watu baada ya kupata nafasi. Heri lijadiliwe nyumbani kabla.

Tena si lazima iwe Ulaya au Marekani. Chuo Kikuu cha Pretoria kina shahada ya uzamili ya haki za binadamu na demokrasia barani Afrika, iliyoanza mwaka 2000. Wanafunzi hutoka nchi mbalimbali za bara hili, husoma pamoja Pretoria, kisha husambazwa vyuo washirika, Makerere kikiwemo. Hapa Dar es Salaam, tangu 2008, kituo cha mafunzo ya sheria cha Tanzania na Ujerumani, kinachoshirikiana na Chuo Kikuu cha Bayreuth, hupokea wanasheria wa Afrika Mashariki yote kwa uzamili na uzamivu. Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, shahada yake ya uzamili aliichukua Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Profesa wa sheria Issa Shivji alikwenda London kwa uzamili, akarudi kuchukua uzamivu hapa hapa. Chagua mahali ambapo swali lako linafundishwa na watu waliolifanyia kazi.

Lakini kokote mtakakoomba, hata Pretoria, barua zitatakiwa. Ndiyo maana narudi kwa wenye kalamu: wahadhiri, mawakili wakuu, majaji mliowahi kuwa na makarani wa sheria ofisini kwenu. Kama humjui mwombaji vya kutosha, mwambie ukweli leo hii, apate muda wa kumtafuta mwingine. Kukataa mapema ni msaada. Kama unamjua, mkalishe nusu saa. Muulize anataka kujua nini. Andika mambo mawili uliyoyaona kwa macho yako, eleza nafasi yake darasani, taja palipobaki kazi, kisha upakie mwenyewe kwa barua pepe ya ofisi yako kabla ya tarehe.

Chevening hufunga mwanzoni mwa Oktoba, na vyuo vingi vikubwa vya Marekani hufunga Desemba. Kuna kijana atakayekubishia hodi kabla ya hapo. Tafadhali usimwambie aandike mwenyewe.