E si sumu

Juzi soko la Virunga, hapa Goma, nimemuona mama mmoja anageuza kopo la tomati, anasoma: E330. Akalirudisha kama limemuunguza. "Kila kitu chenye E ni dawa ya kuua watu," akaniambia. Akasogea hatua mbili, akapimiwa bunga ya muhogo iliyorundikwa juu ya shiti, haina jina, haina tarehe, wala hajulikani aliyeisaga. Hiyo, akasema, ni ya kienyeji, ni safi.

Imani hii iko kila barza, hata kwa waliosoma. Ni upuuzi. E330 ni ile asidi ya ndimu anayokamulia mama yule samaki wa sambaza. E160a ni rangi inayofanya mawese yawe mekundu. Namba hiyo ya Ulaya ni ushahidi kwamba kitu kimeletwa mezani, kikachunguzwa, kikaruhusiwa. Na kikikosea kinafukuzwa kwa namba yake: E171, rangi nyeupe ya pipi, Ufaransa iliikataza 2020, Umoja wa Ulaya ukafuata 2022. Utamfukuzaje asiye na jina?

Sasa tuuone muhogo. Miaka ya 1960 watafiti wa Kibelgiji, akiwemo François Delange, walienda Idjwi, kisiwa kile kile boti zetu za Bukavu zinakipita. Kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Kusini-magharibi, kama watano kwa mia. Upungufu wa madini joto ulikuwa sawa pande zote mbili. Tofauti ilikuwa muhogo: sianidi yake ikishaingia mwilini hugeuka kitu kinachoizuia tezi ya shingo kuchukua hata yale madini machache yaliyopo. Huko mkoani Kwango muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha umelemaza miguu ya watoto na mama zao. Ugonjwa huo, konzo, daktari Trolli aliuandika tangu 1938. Hakuna kiwanda kilichohusika.

Na dawa ya rovu ni nini? Ni kiongezwa! Ni madini joto yanayotiwa ndani ya chumvi kwa amri ya serikali. Lakini na chumvi tunainunua kwa vijiko, kutoka gunia lililo wazi kwenye unyevu, mpaka madini yamepotea.

Sisemi OCC, ofisi inayokagua bidhaa tangu 1974, inaona kila kitu. Inaangalia zaidi kinachovuka mpaka. Bunga ya Masisi haipiti mpaka wa Grande Barrière. Wengine wataniambia tangu waasi wa M23 waingie Goma, Januari 2025, huu si wakati wa kuuliza habari za etiketi. Muhogo haungoji vita viishe.

Basi mama, kopo lako la tomati lichukue. Ukifika kwa muuza bunga, kabla hajapima, muulize: muhogo huu ulilala majini siku ngapi? Akisema moja, ondoka.