Usimwandikie mgonjwa pumzi ambazo hujahesabu

Wewe mwanafunzi wa uuguzi ambaye umeshafika wadini, unaijua ile safu ya kupumua kwenye chati. Kitanda cha kwanza 18, cha pili 18, na yule mzee anayehema kama amepanda ngazi hadi orofa ya kumi naye ati 18. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, kwa hivyo 18 haimshtui mtu. Unaandika, unasonga.

Shida ni kwamba pumzi huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kubadilika mgonjwa anapozidiwa, mara nyingi kabla presha haijashuka. Kuzihesabu kunataka saa, macho na dakika nzima. Najua wauguzi ni wachache na zamu ya usiku ni noma, lakini afadhali uache nafasi wazi kuliko kuijaza uongo.

Mtihani utakuuliza presha ya kawaida ni ngapi. Wadi inakuletea msichana wa miaka 22 aliyejifungua saa moja iliyopita. Presha yake ni 110 kwa 70. Anasema yuko sawa, ila ana kiu na anahisi baridi. Mapigo ya moyo yalikuwa 84, sasa ni 118. Aliyemeza noti ataona presha poa aende zake. Anayefikiri atainua shuka aangalie. Mwili wa kijana hujikaza: moyo unakimbia, mishipa inajibana, presha inabaki nzuri huku damu ikizidi kutoka. Ikija kushuka, ashapoteza nyingi. (Kila aliyejifungua huwa na kiu, utaniambia. Sawa, lakini si kiu pamoja na mapigo 118.)

Hata macho yenyewe hudanganya, maana damu iliyonyonywa na leso huonekana kidogo. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa 2023, ulifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Akina mama waliwekewa plastiki yenye alama za kupima damu, na kipimo kikipita kiasi, matibabu yote yalianza kwa mpigo. Wauguzi na wakunga waligundua asilimia 93 ya visa vya kuvuja damu kupita kiasi. Kwa utaratibu wa kawaida ilikuwa 51. Visa vya kuvuja vibaya, kupasuliwa au kufariki kwa sababu ya damu vilipungua kwa asilimia 60. Dawa zenyewe hazikuwa mpya. Watu walipima, wakaamua haraka.

Sasa wakufunzi, mbona mnaendelea kutahini kumbukumbu tu? Mpelekeni mwanafunzi kando ya kitanda aseme anaona nini, na nini kinamtia wasiwasi. Na mumzoeshe kuongea, maana wengi huona kitu wakanyamaza wakihofia kukaripiwa.

Wewe nawe, usimwambie sista "yule mama haonekani poa." Sema: "Sista, mama wa kitanda cha nne, mapigo yamepanda kutoka 84 hadi 118 kwa nusu saa, ana kiu na baridi. Naomba uje umwone sasa." Ukiambiwa ngoja, pima tena, andika saa, kisha urudi. Asipokuja, mwite daktari wa zamu.